Matangazo Aliyoyakataa Sévère

Mwaka ule, wanafunzi wa mawasiliano waliokuwa wanamaliza chuo pale Uvira waliandika karibu wote juu ya simu. Mmoja aliandika juu ya Facebook na vijana wa mji, mwingine juu ya WhatsApp na wafanyabiashara wa mji, wa tatu juu ya WhatsApp na wanakwaya. Noella peke yake alimpelekea msimamizi wake karatasi yenye kichwa kilichomfanya mwalimu avue miwani.

"Mpiga megafoni wa Kasenga," Evariste alisoma polepole. Alikuwa na cheo cha chef de travaux, na wanafunzi walimwita CT tu. "Noella, huyu si chombo cha habari. Ni mtu anayepita barabarani akipiga kelele."

"Ndiyo, CT. Lakini watu wanamsikiliza."

"Umejuaje?"

Noella alijua kwa sababu ya mama yake mdogo, Anne. Alikuwa ametoka kwao Kamanyola miaka mitatu nyuma, akaja kukaa kwa Anne mtaa wa Kilibula ili asome. Nyumba ya Anne ilikuwa na redio, televisheni, na simu iliyolia kutwa nzima kwa habari za kundi la kanisa. Lakini Sévère wa mtaa wa Kasenga alipopita na megafoni yake, Anne alizima vyote, akatoka mlangoni na mikono yenye unga, akasimama mpaka sauti ipotee. Noella hakuwahi kumwona akisimama hivyo kwa ajili ya redio.

CT alikubali shingo upande. "Sawa. Lakini uniletee kitu, si hadithi."

Sévère naye hakukubali upesi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mpenda mashati yaliyopigwa pasi. Zamani aliimba sauti ya tatu katika kwaya ya parokia, mpaka siku aliyogombana na kiongozi wa kwaya kuhusu nani aimbe peke yake siku ya Pasaka. Tangu hapo sauti yake aliipeleka njiani. Hakuruhusu mtu mwingine kuigusa megafoni, hata mkewe.

"Unataka kuniandika juu ya nini?" alimuuliza Noella siku ya kwanza. "Minye sijafanya kosa."

"Si kosa, Papa Sévère. Ni kazi ya masomo. Nataka kuona namna unafanya kazi yako."

"Weye unasoma chuo kikuu, unakuja kujifunza kwangu?" Alijaribu kukunja uso, lakini furaha ilimshinda. "Basi kuja kesho saa moja. Na uvae viatu vya kutembea."

Kwa wiki sita Noella alitembea nyuma yake na daftari, na simu ya kunasa sauti. Waliafikiana tangu mwanzo: anase matangazo yenyewe tu, maana hayo ni ya watu wote. Aliandika jinsi Sévère alivyotaja jina la mtu mara tatu na jina la mtaa mara mbili. Aliandika kwamba mbele ya maternité, pale wanapojifungulia akina mama, alishusha megafoni na kupita kimya, na kwamba kwenye kona ya maseremala alisubiri randa inyamaze ndipo aanze. Matangazo yalikuwa ya kila namna: mbuzi aliyepotea, carte d'électeur, kadi ya mpiga kura, iliyookotwa, chanjo ya watoto, maji yatakayokatika Alhamisi, msiba wa mtu aliyefia Bujumbura na mwili unaosubiriwa mpakani.

Kitu kilichomshangaza zaidi ni kanuni moja ambayo Sévère hakuwahi kuiita kanuni. Mwenye tangazo alipaswa kutembea naye mtaa wa kwanza, bega kwa bega, watu wamwone.

Aliiona siku ya mama Apollinarie. Mama huyu alikuwa ametoka bondeni, upande wa Ruzizi, kuuza nyanya, na mtoto wake wa miaka minne akampotea sokoni. Alikuja analia, Kiswahili kimemkimbia, anachanganya na Kirundi. Sévère hakuanza kutangaza. Alimshika mkono kwanza, akasema, "Tembea na minye, mama. Wakuone uso." Walipofika katikati ya mtaa alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimwekea megafoni mdomoni, mama akaita jina la mwanawe kwa lugha yake. Saa haikupita, fundi wa baiskeli akaja na mtoto mabegani. Alikuwa amemweka kivulini na kumpa mkate, hajui wa nani.

"Kwa nini lazima watembee?" Noella aliuliza baadaye.

"Juu sauti ni yangu, lakini neno si langu," Sévère alijibu, akipangusa megafoni kwa kitambaa. "Mutu akiuliza, 'Nani amesema?', namuonyesha: huyu."

Noella aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari chini. Darasani walikuwa wamekaa muhula mzima kwenye somo la chanzo cha habari, na hakuna aliyelisema kwa ufupi kama ule.

Wiki ya tano, mvua kubwa iliwakuta Kasenga alasiri. Walikimbilia barazani kwa seremala, wakaketi kwenye benchi, maji yakiteremka kutoka milimani na kuifanya barabara kijito chekundu. Megafoni ilikuwa imefunikwa koti la Sévère, yeye mwenyewe akilowa. Simu ya Noella ilikuwa juu ya benchi katikati yao, bado inanasa tangu tangazo la mwisho.

"Papa Sévère, ulishaka kukataa tangazo?"

"Mingi!" Akahesabu kwa vidole. Mganga mwenye dawa moja ya magonjwa kumi na nne. Kijana aliyetaka mchumba aliyemwacha atangazwe kuwa mwizi. Mchungaji aliyekuja na tarehe kamili ya mwisho wa dunia. "Huyo nilimwambia, 'Pasta, sasa nitatangaza, halafu siku hiyo ikipita, weye utahama, minye nitabaki hapa.'"

Noella alicheka mpaka akashika tumbo. Ndipo alipoiona simu, sekunde zikiendelea kuhesabika kwenye kioo chake. Alijua kwamba haya si matangazo. Angeweza kunyoosha kidole na kuizima. Hakufanya hivyo.

"Na kuna moja," Sévère alisema, na sauti yake ikashuka mpaka mvua ikataka kuimeza. "Iko miaka saba sasa. Chadrack, unamujua? Yule wa kupiga bati."

Noella alimjua kwa uso.

"Alikuja kwangu asubuhi. Mutoto wake wa miezi tatu walikuwa wamemuzika siku mbili kabla. Macho yake, huwezi kuyaangalia. Akanipa karatasi. Mistari mitatu tu. Ilisema mama Georgette, wa kuuza samaki ndagala pale chini, muke wa kaka yake marehemu, njo amekula mutoto kwa uchawi. Alitaka nisome sokoni, saa ile watu wanajaa."

Anayekaa Uvira hahitaji kuelezwa kinachoweza kumpata mama mjane katikati ya soko lililojaa, jina lake likiisha kutajwa hivyo.

"Ukamwambia nini?"

"Kama ninavyoambiaka wote. Tembea na minye mutaa wa kwanza. Akasema hapana, weye soma tu. Nikamurudishia karatasi. Kesho yake walinikuta njiani, yeye na wengine wawili. Walivunja megafoni ya kwanza. Na hapa." Aligusa mfupa chini ya shingo. "Nilidanganya watu eti nilianguka na pikipiki. Muke wangu peke yake anajua."

"Papa Sévère, uliokoa maisha ya mtu."

"Ah, usinipake mafuta." Alikasirika kweli. "Minye niliogopa. Nilifikiri, ile mama akikufa, watu watakumbuka ilikuwa sauti ya nani. Njo ile tu. Na Chadrack si mutu mubaya, uchungu ulimuchanganya. Akili ilimurudia. Hatukuongea tena juu ya ile mambo."

Mvua ilipungua. Akafunua megafoni, akaipuliza, akainuka.

Usiku ule wala siku zilizofuata Noella hakujiuliza mengi. Alisikiliza yale mazungumzo kwa visikilizi vya masikioni, akayaandika neno kwa neno, na sura ya tatu ya kazi yake ikajiandika yenyewe. Sévère alimwita "S.", Georgette akawa "Mama G.", Chadrack akawa "mwombaji". Aliisoma mara mbili na kujisikia mtu mpya, mtu ambaye hatimaye ana jambo la kusema.

CT Evariste alimpigia simu Jumapili, jambo ambalo hakulifanya kwa mwanafunzi yeyote.

"Noella, hii sura ya tatu ndiyo mémoire, ndiyo tasnifu yenyewe. Zile nyingine ni za kuisindikiza tu. Mtangazaji anayekataa! Nitaipeleka Bukavu, kuna mkutano wa watafiti mwezi wa saba. Utasoma mwenyewe mbele ya watu."

Anne alipika wali na samaki wa mikeke kwa furaha ya habari hiyo. Noella alipiga simu Kamanyola, mama yake akapiga vigelegele katikati ya wateja wake.

Lakini alikuwa amemwahidi Sévère kwamba atamsomea alichoandika kabla hakijafika kwa jury ya watahini. Akaenda kwake Jumanne, wakakaa uani, mkewe akaleta chai ya tangawizi. Sévère alivaa shati jeupe kama anayekwenda misa. Sura ya kwanza aliipenda. Ya pili, juu ya mama Apollinarie, aliitaka isomwe tena. Noella alipoanza ya tatu, kikombe kilibaki mkononi mwake, hakifiki mdomoni.

Alipomaliza, Sévère aliuliza neno moja tu.

"Ulikuwa unanikamata sauti?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulijua?"

Noella alitaka kusema kwamba alisahau simu. Lilikuwa neno jepesi, nusu yake kweli. "Nilijua," alisema.

Mke wa Sévère aliinuka na kuingia ndani. Sévère akaweka kikombe chini, akawa anaangalia mikono yake.

"Nimebadilisha majina," Noella alisema haraka. "Hakuna atakayejua."

"Kasenga iko na mupiga megafoni wangapi?"

Noella aliinamisha macho kwenye karatasi zake.

"Iko mumoja. Wauza ndagala wajane pale chini, wangapi? Unaandika 'S.', unaandika 'G.', ni kama umeandika na rangi ukutani." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Noella, maana alikuwa amezoea sauti yake ikiwa juu. "Sasa usiniulize minye. Ile haiko yangu. Kamuulize mama Georgette. Akikubali, soma hata Bukavu, hata Kinshasa."

Noella aliondoka akiwa amepata nafuu kidogo, kwa kuwa aliona njia. Darasani waliiita idhini ya mhusika. Ilikuwa na fomu yake, na mahali pa kutia sahihi. Alitembea kuelekea chini, upande wa ziwa, akiipanga sentensi. Mama, ninaandika kazi ya shule. Mama, kuna jambo lilitokea zamani linalokuhusu.

Alimkuta Georgette uani kwake. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na juu ya paa Chadrack alikuwa akipiga misumari kwenye bati jipya. Georgette alikaa chini kwenye mkeka, katikati ya magoti yake msichana wa miaka sita akisukwa nywele. Ndagala zilikaukia kando, juu ya wavu.

"Karibu, binti. Chérie, sogea dada akae." Akainua uso kuelekea paa. "Chadrack! Shuka ule, ugali unapoa. Misumari haikimbii!"

"Nakuja, shemeji, moja tu!"

"Huyu ni mtoto wake," Georgette alimweleza Noella, akivuta kitana. "Lakini analala kwangu. Mama yake anakwenda mashamba ya Kiliba tangu Jumatatu paka Ijumaa. Hata akirudi, huyu hataki kwenda."

Chérie akatikisa kichwa kukubali, akapigwa kitana kidogo cha kumtuliza.

Noella alikaa. Sentensi aliyoipanga ilikuwa bado mdomoni, ameishika vizuri, lakini sasa aliona kitu ambacho fomu haikuwa na mahali pake. Kumwomba ruhusa ilikuwa ni kumwambia. Hakuna namna ya kuuliza "Unakubali niandike?" bila mama huyu kuuliza "Uandike nini?" Na jibu lilikuwa juu ya paa, limeshika nyundo, linamwezekea nyumba. Akijua, angekula naye tena? Angemlaza mtoto huyu kitandani kwake? Labda ndiyo. Labda alikuwa na haki ya kujua, na wote walionyamaza walimkosea. Noella alilizungusha wazo hilo pia, kwa uaminifu, akiangalia vidole vya Georgette vikigawa nywele. Hakupata jibu. Alichopata ni kwamba kama siku moja mtu atamwambia mama huyu, asiwe mwanafunzi anayetafuta pointi.

"Ulikuja kununua, ao kuna kingine?" Georgette aliuliza.

"Kununua, mama. Na kuuliza kidogo. Ninaandika juu ya Papa Sévère wa megafoni. Nawauliza watu wanaonaje kazi yake."

"Yule?" Georgette alicheka. "Sauti nzuri, lakini iko na majivuno! Hata siku moja hakunitangazia ndagala zangu. Andika hivyo."

Chadrack alikuwa ameshuka, ananawa mikono. Aliposikia jina la Sévère aliendelea kunawa, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Akaangalia Noella mara moja, kisha akaangalia chini. Noella alichukua ndagala zake, akaaga.

Sura ya tatu aliitoa yote. Pahali pake pakabaki kurasa nne juu ya kanuni ya kutembea mtaa wa kwanza, na aya moja fupi: mtangazaji hukataa baadhi ya matangazo; mtafiti alisikia mifano, lakini hawezi kuitoa.

CT Evariste aliisoma mbele yake, amesimama.

"Umeng'oa moyo wa kazi."

"Sikuwa na ruhusa, CT."

"Ruhusa inatafutwa."

"Nilikwenda kuitafuta. Kuiomba tu kungeumiza mtu. Na mzee mwenyewe nilimnasa bila kumwambia. Hilo ni kosa langu, si lake."

CT aliweka kazi mezani, akaketi. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyekwisha kuwaambia wenzake wa Bukavu. "Jury itakuuliza," alisema mwishowe. "Mimi sitakusaidia kujibu."

Siku ya kutetea kazi ilikuwa Ijumaa, joto kali, feni ya ukumbi ikizunguka bila nguvu. Jury walikuwa watatu: profesa mzee aliyeongoza, mwalimu aliyeitwa Antoine, na CT mwenyewe. Anne alikuwa mstari wa mbele kwa kitenge kipya. Mama yake Noella alikuwa ametoka Kamanyola alfajiri. Noella alipoinua macho, akaona mstari wa mwisho mtu mwembamba mwenye koti la kuazima, mabega ya koti mapana kuliko ya mwenyewe. Hawakuwa wameongea tangu siku ile ya chai.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Antoine alipofika ukurasa wa thelathini na nane.

"Mademoiselle, hapa unasema anakataa matangazo. Unatupa aya moja. Tupe mfano."

"Ninao, lakini siwezi kuutoa."

"Badilisha majina."

"Kasenga ina mpiga megafoni mmoja, mwalimu. Nikibadilisha jina lake, mtaa wote utamjua. Wakimjua yeye, watamjua na aliyetakiwa kutangazwa."

Antoine aliwaangalia wenzake. "Sasa sisi tutakuamini vipi? Kazi ya chuo kikuu haisemi 'Ninajua lakini sisemi'."

Noella alikuwa ameliandaa jibu refu, lenye majina ya wataalamu. Halikuja.

"Hamwezi kuniamini katika hilo," alisema. "Ni udhaifu wa kazi yangu. Niliyapata yale maneno kwa kumnasa mtu aliyedhani anaongea nami tu. Nimeandika hivyo katika ukurasa wa njia za utafiti, aya ya mwisho. Pointi zake mniondolee."

Profesa mzee akafungua ukurasa alioutaja, akausoma bila haraka, akaandika kitu pembeni. CT Evariste aliulizwa kama ana swali. Alisema hana.

Walimpa kumi na tatu kwa ishirini. Mwenzake wa WhatsApp na wanakwaya alipata kumi na sita. Hapakuwa tena na habari ya Bukavu. Mama yake Noella alipiga vigelegele vilevile, kwani kwake kumi na tatu ilikuwa binti aliyemaliza, na Anne akammwagia unga kichwani kama ilivyo desturi, mpaka akapiga chafya.

Nje, chini ya ukuta, Sévère alimsubiri wengine watangulie.

"Unasemaka pole sana," alimwambia. "Sisi wa nyuma tulisikia nusu tu. Mwalimu wako hakukufundisha kufungua mudomo?"

"Ulisikia nilipojibu ya mwisho?"

"Ile nilisikia."

Noella alitoa simu, akatafuta ile sauti ya siku ya mvua, akamwonyesha. Dakika arobaini na mbili. Aligusa, simu ikauliza kama ana hakika, akagusa tena.

"Imekwenda wapi?" Sévère aliuliza, ameinamia kioo.

"Haiko tena."

"Kabisa?"

"Kwenye kompyuta pia nilifuta. Na CT nilimwomba afute nakala aliyokuwa nayo. Alisema amefuta."

"Alisema." Sévère alilipima neno hilo, kichwa upande, kama anayesikiliza tangazo la mtu asiyemjua. Hakusema analiamini wala haliamini. Unga ulikuwa umemdondokea Noella mpaka kwenye kope, na Sévère akatoa kile kitambaa cha kupangusia megafoni na kumpa.

"Futa uso," alisema. "Mama yako anataka kupiga picha, na weye uko kama muchawi."

Neno lilimtoka kabla hajaliona. Wote wawili walilisikia. Sévère akaangalia pembeni, upande wa ziwa, na Noella akafuta uso polepole, jicho moja kisha la pili, mpaka Anne alipowaita kwa sauti kutoka getini kwamba mpiga picha anaondoka.